Kwa nini taarifa haiwezi kusubiri ndani ya shimo jeusi hadi dakika ya mwisho?

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya fizikia, kwa hiyo usisite kunipa hesabu. Kuna mambo matatu yananitatiza kuhusu tatizo la taarifa katika mashimo meusi. Kwanza, karatasi ikiungua maandishi yake yanapotea na hakuna anayelalamika. Mbona kwa shimo jeusi imekuwa kesi? Pili, kama taarifa iliingia ndani, kwa nini tusiseme imekaa humo muda wote shimo likiyeyuka, kisha ikatoka mwishoni kabisa, pale ambapo kila mtu anakubali kwamba nadharia zetu hazifanyi kazi? Tatu, nasikia tatizo lilitatuliwa mwaka 2019. Ni kweli? Na je, kuna jaribio linaloweza kuthibitisha?

JIBU: Swali lako la pili ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo wengi hulipita haraka wakidhani jibu lake ni jepesi. Nitalipa nafasi kubwa. Ila halieleweki vizuri kabla ya la kwanza, basi tuanzie hapo.

Karatasi ikiungua, maandishi yanapotea machoni petu, lakini hayapotei kwenye fizikia. Kila fotoni, yaani chembe ya mwanga, iliyotoka kwenye moto ule ilitoka kwa namna iliyotegemea atomu iliyoitoa, na atomu ile ilikuwa mahali fulani, na wino au bila wino. Anayejua hali kamili ya kwanta ya moshi, majivu, mwanga na joto lote angeweza kuuendesha mlinganyo wa Schrödinger, ule unaoeleza jinsi hali ya kwanta inavyobadilika, kurudi nyuma na kuipata karatasi ilivyokuwa. Hakuna atakayefanya hivyo kamwe, lakini sheria za maumbile hazimkatazi. Hicho ndicho wanafizikia wanachokitetea wanaposema taarifa haipotei: hali mbili tofauti za mwanzo haziwezi kuishia katika hali moja ileile ya mwisho. Sharti hili huitwa unitariti, na mekanika nzima ya kwanta imesimama juu yake. Ukiliondoa, hata uwezekano wa matukio hauwezi tena kujumlika kuwa 1 kwa uhakika.

Kwa nadharia ya uhusianifu wa jumla peke yake, shimo jeusi halina kesi yoyote. Kitu kimeingia, kipo ndani, na upeo wa tukio, yaani mpaka ambao kilichouvuka hakirudi, umetuzuia tusikione. Ni kweli kwamba shimo lililotulia linatambulika kwa mambo matatu tu, yaani tungamo, chaji na mzunguko wake, lakini bado unaweza kusema kwamba mengine yote yamehifadhiwa upande wa pili. Kesi inafunguliwa mwaka 1974, Stephen Hawking alipoonyesha kwamba shimo jeusi lina joto na linatoa mnururisho. Joto hilo ni dogo kadiri tungamo linavyokuwa kubwa. Shimo lenye tungamo la Jua lina kama kelvini 6 × 10⁻⁸, wakati anga lote limejaa mnururisho wa kelvini 2.7 uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Kwa hiyo mashimo tunayoyajua leo yanakula zaidi ya yanavyotoa. Lakini ulimwengu ukizidi kupoa hali itageuka, na shimo la tungamo la Jua litayeyuka lote kwa muda unaokaribia miaka 10⁶⁷.

Sasa tazama tofauti na karatasi. Fotoni za moto zinatoka kwenye atomu zenyewe zilizobeba maandishi. Fotoni za Hawking zinatoka kwenye ombwe, yaani nafasi tupu, lililo karibu na upeo wa tukio, na vitu vilivyoanguka zamani viko mbali ndani, vimekwisha kupita. Katika hesabu ya Hawking mnururisho unategemea tungamo, chaji na mzunguko tu. Tengeneza shimo moja kwa hidrojeni na jingine kwa chuma, yawe na tungamo sawa na mzunguko sawa: yatatoa mnururisho uleule hadi yaishe. Mwaka 1976 Hawking aliandika waziwazi kwamba basi, shimo linapokwisha, taarifa imefutika kutoka ulimwenguni na mekanika ya kwanta inahitaji kurekebishwa.

Ili kuona kidonda kilipo, tuchukue jozi moja tu. Upande wa nje kuna fotoni, tuiite B. Upande wa ndani kuna mwenzake, tumwite A. Ombwe karibu na upeo wa tukio linawafanya wawe wamefungamana. Ukipima B peke yake utapata sifuri mara nusu na moja mara nusu, bahati tupu. Ukipata nafasi ya kupima wote wawili, majibu yao yanalingana kila mara. Kwa lugha ya entropia, B peke yake ana biti moja ya utovu wa uhakika, A vilevile, lakini wawili kwa pamoja wana sifuri. Kila jozi mpya inaongeza biti moja ya mfungamano kati ya nje na ndani. Jozi kumi, biti kumi. Hesabu ya Hawking inaendelea hivyo hadi mwisho, na haina mahali popote ambapo idadi hii inaanza kushuka.

(Usiichukulie picha ya jozi kama ramani halisi. Kwa shimo la tungamo la Jua, ambalo nusukipenyo chake ni kilomita 3 hivi, urefu wa wimbi wa fotoni hizo unafika makumi ya kilomita, kwa hiyo huwezi kuonyesha kwa kidole nukta zilipozaliwa. Hesabu ya mfungamano lakini inabaki palepale.)

Hapa ndipo swali lako la pili linapoingia. Unasema: acha biti zirundikane, zitatoka mwishoni. Kinachokuzuia ni kazi ya Jacob Bekenstein. Mwaka 1972 na 1973 alidai kwamba shimo jeusi lina entropia inayolingana na eneo la upeo wake, na Hawking akaipata hesabu kamili: entropia ni robo ya eneo hilo, ukilipima kwa vipimo vya Planck, vinavyotokana na thabiti za msingi za maumbile. Kwa shimo la tungamo la Jua tunapata kama 10⁷⁷, wakati Jua lenyewe, likiwa nyota, lina kama 10⁵⁸ tu. Ukikubali kwamba nambari hii inahesabu hali zote ambazo shimo linaweza kuwa nazo, basi imekuwa pia kikomo. Mfumo wenye hali chache hauwezi kufungamana na nje kwa biti nyingi kuliko hali zake zinavyoruhusu.

Tuna mistari miwili basi. Mmoja ni mfungamano wa Hawking, unaopanda kwa kila fotoni inayotoka. Mwingine ni kikomo cha Bekenstein, kinachoshuka kwa sababu shimo linapungua na eneo lake linapungua nalo. Lazima ikutane. Don Page ndiye aliyeliona hili kwa ukamilifu mwaka 1993, na wakati wa kukutana kwake tunauita wakati wa Page.

Unaweza kuukadiria mwenyewe. Eneo linafuata mraba wa tungamo, kwa hiyo eneo linafika nusu pale tungamo linapokuwa 71% ya lile la mwanzo. Umri uliobaki unafuata tungamo kwa kipeo cha tatu, na 0.71 kwa kipeo cha tatu ni kama 0.35. Maana yake asilimia 65 ya umri wa shimo imepita. Ukiwa makini zaidi utaona kwamba mnururisho unabeba entropia kubwa kidogo kuliko ile ambayo shimo linapoteza, kwa hiyo mistari inakutana mapema kiasi, ila bado ni katikati ya safari.

Na katikati ya safari shimo bado ni kubwa mno! Chukua lile la galaksi ya M87, ambalo picha yake ilitolewa Aprili 2019. Tungamo lake ni kama mara bilioni 6.5 ya Jua, na nusukipenyo chake, ukiliacha suala la mzunguko, ni kama kilomita bilioni 19. Likifika wakati wa Page litakuwa bado na zaidi ya kilomita bilioni 13, karibu mara tatu ya umbali wa Neptuni kutoka kwenye Jua. Mpindo wa nafasi na wakati kwenye upeo wake utakuwa hafifu kiasi kwamba anayeanguka hatahisi chochote cha ajabu anapovuka. Huwezi kusema hapo kwamba nadharia zetu zimeshindwa kwa sababu ya nguvu za kupita kiasi. Ni mahali ambapo uhusianifu wa jumla na mekanika ya kwanta, kila moja kwa upande wake, zilitakiwa kufanya kazi bila wasiwasi. Hapo hapo, mapema hivyo, ndipo zinapogombana. Dakika ya mwisho haihusiki.

Kuna waliojaribu kushikilia njia yako hata hivyo. Walisema kikomo cha Bekenstein hakihesabu hali za ndani, na kwamba shimo linabakiza punje ndogo yenye tungamo la Planck, kama kilo 2 × 10⁻⁸, iliyohifadhi kila kitu. Sikubaliani nao, na sababu ni mbili. Punje hiyo ina nishati ndogo lakini inadaiwa biti 10⁷⁷ au zaidi. Kuzitoa zote italazimika kutumia fotoni dhaifu mno, moja baada ya nyingine, kwa muda usioelezeka, kwa hiyo kwa vitendo haitazitoa. Na kwa kuwa shimo la mwanzo lingeweza kuwa la ukubwa wowote, aina za punje hizi hazina mwisho. Mekanika ya kwanta inaruhusu chembe kuzaliwa kwa jozi, na uwezekano wa kila aina, hata uwe mdogo namna gani, ukiuzidisha kwa aina zisizo na mwisho, anga lingejaa punje. Isitoshe, mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa walihesabu moja kwa moja hali za aina fulani ya mashimo meusi katika nadharia ya nyuzi, inayochukulia chembe kuwa nyuzi ndogo mno, wakapata robo ya eneo bila kupungua wala kuzidi. Mtu anayesema eneo halihesabu hali ana kazi ya kueleza sadfa hiyo.

Najua pia wazo litakalokujia baada ya hapo, kwa sababu kila mwanafunzi hulileta: huenda hesabu ya Hawking ina makosa madogo madogo, na fotoni ni nyingi, basi makosa hayo yakijumlishwa yanabeba taarifa yote. Samir Mathur alionyesha mwaka 2009 kwamba haiwezekani. Maadamu kila jozi inakaribia kuwa jozi ya Hawking, kila fotoni inaendelea kuongeza karibu biti nzima, na mstari hauwezi kugeuka ukashuka. Badiliko linalohitajika ni kubwa, na linatakiwa mahali ambapo tunadhani hakuna kikubwa kinachotokea.

Mwaka 2012 Ahmed Almheiri, Donald Marolf, Joseph Polchinski na James Sully waliubana mgogoro huu hadi ukabaki herufi tatu. Tunaye B, fotoni inayotoka baada ya wakati wa Page. Tunaye A, mwenzake wa ndani. Na tuna R, mnururisho wote uliotoka zamani. Ili taarifa itoke, B lazima afungamane na R. Ili upeo wa tukio uwe mtulivu kama Einstein anavyotaka, B lazima afungamane na A. Lakini mekanika ya kwanta hairuhusu mfumo mmoja ufungamane kikamilifu na miwili kwa wakati mmoja. Ukikata uzi wa A na B ili kuokoa taarifa, ombwe linavunjika na anayeanguka anakutana na ukuta wa moto kwenye upeo wa tukio. Ukikata uzi wa B na R, taarifa imepotea. Kwa maoni yangu hakuna maelezo ya tatizo hili yaliyo mafupi na makali kuliko haya, na nadharia yoyote utakayokutana nayo inayodai kulimaliza, iulize kwanza: A, B na R umewafanyaje?

Wengi wetu tunaamini kwamba taarifa inatoka. Sababu kubwa ni kazi ya Juan Maldacena ya mwaka 1997. Alitoa hoja kwamba nadharia ya graviti katika nafasi yenye mpindo hasi ni sawasawa na nadharia ya kawaida ya kwanta, isiyo na graviti, iliyo kwenye mpaka wa nafasi hiyo. Shimo jeusi likizaliwa na kuyeyuka ndani, kwenye mpaka ni mfumo wa kwanta unaobadilika kwa unitariti, basi hakuna kilichopotea. Hawking mwenyewe alibadili msimamo mwaka 2004 kwenye mkutano wa Dublin, akamlipa John Preskill dau walilowekeana mwaka 1997, ambalo lilikuwa ensaiklopidia ya mchezo wa besiboli. Kip Thorne, aliyekuwa upande wa Hawking kwenye dau hilo, hakukubali kushindwa siku ile. Namwelewa: kujua kwamba taarifa inatoka hakukwambii hesabu ya Hawking ilikosea wapi.

Sasa mwaka 2019. Mei ya mwaka huo makala mbili zilitoka karibu pamoja, moja ya Geoffrey Penington na nyingine ya Almheiri, Netta Engelhardt, Marolf na Henry Maxfield. Zilionyesha kwamba graviti yenyewe, ukiihesabu kwa uangalifu zaidi, inatoa mstari unaopanda na kisha kushuka, kama Page alivyotaka.

Kiini chake ni hiki. Unapotafuta entropia ya R, kanuni inakutaka ujaribu pia kuhesabu pamoja na R eneo fulani lililo ndani ya shimo, linaloitwa kisiwa, kisha ulipe gharama ya robo ya eneo la mpaka wa kisiwa hicho. Katika chaguo zote unachukua lenye jibu dogo kabisa. Mwanzoni fotoni ni chache, gharama ya kisiwa ni kubwa kupita faida yake, kwa hiyo unabaki bila kisiwa na unapata mstari wa Hawking unaopanda. Baada ya wakati wa Page, kisiwa kinashinda. Kumbuka ile jozi: B peke yake ana biti moja, B na A kwa pamoja wana sifuri. Kisiwa kinawaingiza akina A kwenye hesabu ileile ya wenzao walioko nje, biti zao zinafutana, na kinachobaki ni gharama ya mpaka, ambayo ni takribani robo ya eneo la shimo. Na hilo linashuka.

Na ukiuliza lile swali la herufi tatu, jibu linalojitokeza ni kwamba A si mfumo wa tatu. Baada ya wakati wa Page, eneo la ndani ya shimo ni sehemu ya R, limeandikwa ndani ya mnururisho wa zamani kwa namna iliyochanganywa mno. B akifungamana na A, amefungamana na R papo hapo. Mwishoni mwa mwaka huohuo vikundi viwili viliipata kanuni ya kisiwa kwa njia nyingine, kwa kujumlisha maumbo ya nafasi na wakati yanayounganisha nakala kadhaa za shimo lilelile ndani ya hesabu, maumbo ambayo Hawking hakuyaweka.

Je, ndiyo suluhisho? Ni hatua kubwa kuliko zote tangu 1997, hilo nalisema bila kusita. Lakini imetupa entropia, haijatupa hali yenyewe. Tunajua mstari unashuka. Hatuwezi kuchukua fotoni fulani na kuonyesha jinsi biti fulani ilivyofika kwake. Hesabu zilizo imara zaidi zimefanywa kwenye vielelezo vya vipimo viwili, au kwenye nafasi yenye mpindo hasi iliyounganishwa na hifadhi ya nje isiyo na graviti ili mnururisho uwe na pa kwenda, na wapo wenzetu wanaohoji kama kisiwa kinabaki vilevile graviti ikirudishwa kila mahali, kama ilivyo katika ulimwengu wetu. Ulimwengu wetu, tena, hauna mpindo hasi. Unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Wanaosema kesi imefungwa wanakimbilia hukumu.

Kuhusu jaribio, kwa mashimo tunayoyajua hakuna matumaini, joto lao ni dogo mno. Jeff Steinhauer ametengeneza shimo la sauti ndani ya atomu zilizopozwa sana, ambamo mawimbi ya sauti hayawezi kurudi nyuma, na mwaka 2016 alitangaza kuona jozi zilizofungamana kama Hawking alivyobashiri. Ni kazi nzuri, lakini mle hakuna graviti wala entropia ya Bekenstein, kwa hiyo haigusi swali la taarifa.

Kinachobaki ni mashimo madogo ambayo huenda yalizaliwa ulimwengu ulipoanza. Lililozaliwa na kilo kama 5 × 10¹¹, dogo kama protoni na lenye joto linalozidi kelvini bilioni 100, lingekuwa linamalizika wakati wetu huu kwa mlipuko wa miali ya gama. Darubini zimetafuta milipuko hiyo na hadi sasa hazijathibitisha hata mmoja. Ukionekana, tutakuwa tumethibitisha joto la Hawking. Taarifa ni suala jingine: ili kuisoma unahitaji zaidi ya nusu ya mnururisho wote, na mwaka 2013 Daniel Harlow na Patrick Hayden walitoa hoja kwamba kuifumbua kunachukua muda unaokua kwa kipeo cha entropia yenyewe, mrefu kuliko umri wa shimo. Tena shimo linalolipuka leo liliupita wakati wake wa Page mabilioni ya miaka iliyopita, na fotoni zake za mwanzo zimekwisha kutawanyika umbali wa mabilioni ya miaka ya mwanga.